Kupima matokeo ya ujifunzaji katika shahada ya biolojia: jibu kwa mhadhiri wa Kisumu

Swali. Profesa, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mhadhiri wa biolojia katika chuo kikuu kimoja hapa Kisumu, na mwaka huu nimekabidhiwa uratibu wa programu yetu ya shahada ya kwanza. Ofisi ya ubora wa masomo inatutaka tuandae mpango wa kupima matokeo ya ujifunzaji ya programu nzima, yaani yale ambayo mhitimu anatarajiwa kuyajua na kuyaweza. Wenzangu wananiuliza: tunatoa majaribio, mitihani na gredi kila muhula, na mtahini wa nje huja kila mwaka, sasa kipi kingine kinachotakikana? Tuko wahadhiri tisa, mwaka wa kwanza una wanafunzi 140, na hadubini zinazofanya kazi ni chache. Mmoja wetu amependekeza tuchukue mtihani wa dhana ulioundwa Marekani tuutumie ulivyo. Tuanzie wapi?

Jibu. Mwalimu, salamu zako nimezipokea, na swali la wenzako ni la haki. Mtu anayefundisha kozi tatu kwa muhula, akasahihisha majaribio ya kila kozi na mtihani juu yake, ana sababu ya kutaka kujua kwa nini aongezewe kazi. Jibu langu ni kwamba gredi na tathmini ya programu hujibu maswali mawili tofauti. Gredi hueleza mwanafunzi huyu amefanyaje katika kozi hii kwa jumla. Tathmini ya programu huuliza wahitimu wetu, wakichukuliwa kama kundi, wanaweza kufanya nini kwa biolojia waliyofundishwa kwa miaka minne, na ni wapi ambapo ufundishaji wetu hauwafikishi. Swali la pili haliwezi kujibiwa kwa kujumlisha majibu ya lile la kwanza, na sababu yake unaweza kuionyesha kwa karatasi yoyote ya mtihani iliyo mezani pako.

Chukua mtihani wa mwisho wa muhula wa alama 70 kwa muundo tuliouzoea: swali la kwanza la lazima lenye alama 30, kisha maswali manne ya alama 20 kila moja, ambayo mtahiniwa huchagua mawili. Tuseme kozi ni ya jenetiki na mageuko ya viumbe. Mwanafunzi anayeogopa uteuzi asilia atalikwepa swali hilo, ajibu la mgawanyiko wa seli na la urithi wa Mendel, apate alama 40 mtihanini, aongezewe 22 za tathmini endelevu, na kutoka na 62, yaani B. Mwenzake aliyeeleza uteuzi asilia kwa ufasaha lakini akaanguka katika hesabu za urithi anaweza kutoka na 62 vilevile. Ukiipeleka B hiyo mbele ya idara na kuuliza kama wanafunzi wetu wanaelewa mageuko ya viumbe, haitakuambia lolote. Zile alama 22 nazo zina mchanganyiko wake, kwani mara nyingi ndani yake mna ripoti za maabara zilizofanywa na kikundi cha watu watano huku mmoja tu akiwa ndiye aliyefanya vipimo na kuziandika. Mtahini wa nje hukagua ubora wa maswali na usawa wa usahihishaji, na kazi hiyo ni ya thamani kubwa, lakini naye husoma majibu ya wale tu waliochagua kulijibu swali.

Kwa hiyo huhitaji mitihani zaidi. Unahitaji kuzisoma kwa jicho jingine baadhi ya kazi ambazo wanafunzi wanafanya tayari, na kuhakikisha kwamba angalau swali moja linalogusa tokeo mnalolipima ni la lazima kwa wote. Badiliko hilo dogo, la kulihamisha swali kutoka kwenye orodha ya hiari hadi ndani ya swali la kwanza, halina gharama yoyote na mnaweza kulifanya muhula huu.

Anza na matokeo machache. Hati ya programu yenu bila shaka ina orodha ndefu, kwa sababu Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, hutaka kila programu iyataje matokeo inayoyatarajia. Ushauri wangu ni mchague mawili kwa mwaka, moja la maarifa na moja la stadi. Idara inayojaribu kupima kumi na mawili kwa mkupuo huishia kujaza majedwali, na majedwali hayo hayasomwi na mtu. Mkipima mawili kila mwaka, mtakuwa mmepitia manane kundi moja linapomaliza miaka yake minne, na hiyo ni kasi ambayo watu tisa wanaweza kuistahimili.

Katika kuchagua, itawafaa kuitazama ripoti iliyotolewa mwaka 2011 na Chama cha Marekani cha Kuendeleza Sayansi, AAAS, kuhusu elimu ya biolojia katika shahada ya kwanza. Ripoti hiyo iliupunguza msitu wa mada za biolojia hadi mawazo makuu matano, nayo ni mageuko ya viumbe, uhusiano wa umbo na kazi, mtiririko na uhifadhi wa taarifa za urithi, safari za nishati na mata, na mifumo. Ikaongeza stadi sita, miongoni mwake kufikiri kwa mbinu za kisayansi, kutumia hesabu, kutumia modeli na kuwasiliana. Sisemi muinakili. Nasema ni orodha nzuri ya kujikagulia, kwa sababu idara nyingi zikiweka kozi zao kando yake hugundua kwamba wazo moja limefundishwa mara sita na jingine halijapata mwenyewe, kila mhadhiri akidhani mwenzake analishughulikia.

Tokeo mkishalichagua, liandikeni upya kwa namna inayoonyesha ni kazi gani mwanafunzi ataifanya na sisi tutaona nini. Hati nyingi husema mhitimu "ataelewa mageuko ya viumbe". Hakuna awezaye kuuona uelewa ukiwa kichwani mwa mtu. Andikeni hivi: akipewa taarifa kuhusu jamii ya viumbe ambayo sifa yake imebadilika baada ya muda, mhitimu ataeleza badiliko hilo kwa kutumia tofauti za kurithi zilizokuwepo, tofauti za kuishi na kuzaa, na kubadilika kwa uwiano wa sifa hiyo kizazi hadi kizazi. Sentensi ni ndefu, lakini kila kipande chake kinaweza kutafutwa katika jibu la mwanafunzi na kuonekana kipo au hakipo.

Sasa nikaribie zaidi, kwa kuwa hapa ndipo kazi yote ilipo. Tuseme mmeweka swali la lazima lisemalo: Vyandarua vyenye dawa ya jamii ya pairethroidi viligawiwa katika kaunti za kando ya Ziwa Victoria, na miaka kadhaa baadaye ikaonekana kwamba mbu wengi wa Anopheles hawafi tena wanapoigusa dawa hiyo. Eleza jinsi hali hii ilivyotokea. Swali hili ni la hapa kwetu hasa. Mojawapo ya mabadiliko ya jeni yanayompa mbu ustahimilivu huo, liitwalo kdr, hutokea katika nafasi ya 1014 ya protini ya mfereji wa sodiamu kwenye neva, na aina yake ya Afrika Mashariki ilielezwa mwaka 2000 kutokana na mbu wa magharibi mwa Kenya. Mwanafunzi wa Kisumu amelala ndani ya vyandarua hivyo tangu utotoni.

Majibu yatakayoletwa yatakuwa mengi, ila nitakueleza mawili ya aina ambayo nimekuwa nikikutana nayo kila ninapowasahihishia wenzangu. Jibu la kwanza linasema kwamba mbu walipoguswa na dawa kwa muda mrefu, miili yao iliizoea, wakabadilika ili waweze kuishi, wakawarithisha watoto wao uwezo huo, na kitendo hiki huitwa uteuzi asilia. Jibu la pili linasema kwamba hata kabla ya vyandarua kuletwa palikuwa na mbu wachache ambao dawa ile isingewaua, kwamba wengine walipokufa hao wachache ndio waliobaki kuzaa, na kwamba baada ya vizazi vingi wakawa ndio wengi. Jibu hili la pili halikutaja uteuzi asilia hata mara moja, na Kiingereza chake kilikuwa cha kusuasua.

Mwongozo wa kusahihisha wa kawaida hutoa alama kwa kutaja kurithisha, kutaja kubadilika, kutaja uteuzi asilia. Kwa mwongozo huo jibu la kwanza hupata alama nyingi zaidi kuliko la pili. Lakini biolojia iliyomo ndani ya jibu la kwanza si sahihi: inamfanya mbu mmoja mmoja kuwa ndiye anayebadilika, tena kwa sababu ya haja yake, kisha sifa aliyoipata maishani iingie katika urithi. Mwanafunzi huyu anaweza kuhitimu, akaajiriwa katika mradi wa kudhibiti malaria, na akashindwa kueleza kwa nini kubadilisha aina za dawa kwa zamu kunaweza kupunguza kasi ya ustahimilivu. Aliyeandika jibu la pili angeeleza. Hili ndilo linalonifanya niamini kwamba tathmini ya programu ina thamani ya jasho lake, kwa sababu hutulazimisha kuona kile ambacho jumla ya alama imekifunika.

Kwa hiyo jengeni jedwali la vigezo na viwango, na lisiwe kubwa. Kwa swali hili vinatosha vigezo vinne: je, mwanafunzi ameonyesha kwamba tofauti zilikuwepo kabla ya dawa, je, amezihusisha tofauti hizo na urithi, je, ameonyesha kwamba wenye sifa fulani waliishi na kuzaa zaidi, na je, ameeleza badiliko kuwa ni la uwiano katika jamii nzima, si la mbu mmoja. Kwa kila kigezo wekeni viwango vitatu tu, yaani hakipo au kimekosewa, kipo kwa kiasi, kipo kikamilifu. Nimewahi kuona majedwali yenye viwango vitano na vigezo kumi, na sijaona wahadhiri wawili wanaokubaliana juu ya tofauti ya kiwango cha tatu na cha nne. Ufasaha wa lugha upimeni katika tokeo lake, la mawasiliano, ili usimwadhibu mara mbili kijana anayeijua biolojia lakini bado anahangaika na sentensi za Kiingereza.

Kisha ketini pamoja. Chagueni karatasi kumi, fungeni majina, kila mmoja azisome peke yake kwa jedwali hilo, halafu mlinganishe. Kikao cha kwanza kitakuwa kigumu, na ndivyo kinavyopaswa kuwa. Mmoja atasema neno "kuzoea" ni namna ya kawaida ya kusema tu, mwingine atasema hilo ndilo kosa lenyewe. Mkishaamua, andikeni uamuzi wenu pembeni mwa jedwali, pamoja na mfano wa jibu kwa kila kiwango. Mazungumzo ya saa mbili ya namna hii huifanyia idara mengi kuliko warsha ya siku tatu hotelini, kwa kuwa mhadhiri wa ekolojia na mhadhiri wa jenetiki wanagundua, pengine kwa mara ya kwanza, kwamba wamekuwa wakilifundisha jambo moja kwa namna zinazopingana.

Upo utaratibu wa kuhakikisha kwamba makubaliano yenu ni ya kweli. Tuseme wasahihishaji wawili wamesoma karatasi 30 na kila mmoja ameona kwamba wanafunzi 20 wamefikia kigezo na 10 hawajafikia, na wamekubaliana katika karatasi 24. Asilimia 80 inasikika vizuri. Lakini kwa mgawanyo huo wa 20 na 10, wangekubaliana katika takriban asilimia 56 ya karatasi hata kama kila mmoja angekuwa anabahatisha tu. Kipimo kiitwacho kapa, kilichopendekezwa na Jacob Cohen mwaka 1960, huondoa sehemu hiyo ya bahati, na hapa kingetoa takriban 0.55, ambacho ni kiwango cha wastani. Mimi nisingeendelea na usahihishaji wa karatasi zote kabla ya kukipandisha kwa kuzijadili zile sita zilizotutenganisha.

Je, ni lazima msome karatasi zote 140? Hapana, lakini mjue mnalipia nini mnapopunguza. Mkichagua 30 kwa kura, bila upendeleo, na mkakuta asilimia 40 wamefikia kiwango, hesabu za takwimu zinawaruhusu kusema kwamba hali ya darasa zima iko kati ya takriban asilimia 24 na 56. Hiyo ni nafasi pana, isiyotosha kuonyesha kama mwaka ujao mmepiga hatua. Mkichukua 70, nafasi hiyo hupungua hadi kati ya takriban 32 na 48. Watu tisa wakigawana karatasi 70 zinazosomwa mara mbili, kila mmoja anapata takriban 16, na jibu lenyewe ni la nusu ukurasa. Ningechagua 70. Na kura iwe kura kweli: msichukue zile zilizo juu ya rundo, kwa kuwa mara nyingi hizo ni za waliomaliza mwisho.

Kazi ya kuchora ramani ya mtaala, yaani jedwali linaloonyesha kila tokeo linaanzishwa katika kozi gani, linaimarishwa wapi na linakamilishwa wapi, ifanyeni kwa alasiri moja. Ina faida, hasa ya kuonyesha tokeo ambalo linaanzishwa mara nne na halikamilishwi popote, lakini isiwachukulie muhula mzima. Hojaji za wanafunzi nazo ni ushahidi wa pembeni tu. Mwanafunzi akisema anaamini ameelewa, mmepima imani yake. Zitumieni kuuliza mambo ambayo yeye ndiye anayeyajua vizuri zaidi, kama vile ni mara ngapi muhula mzima aliishika hadubini kwa mkono wake mwenyewe.

Hapo nafika kwenye uhaba wa hadubini, jambo ulilolitaja kwa unyonge ingawa ndilo linalonihuzunisha zaidi. Stadi za maabara haziwezi kupimwa kwa ripoti. Ripoti hupima uandishi wa ripoti. Kama watu watano wanashiriki hadubini moja, mmoja huendesha na wanne huchora alichokiona, na mtihani wa kutambua vielelezo vilivyopangwa mezani hauwezi kulifichua hilo, kwa maana kila slaidi huwa imeshalengwa na fundi wa maabara. Dawa yake ni kumwangalia kila mwanafunzi akifanya kazi, kwa muda mfupi, kwa orodha fupi ya mambo ya kutazama.

Mpe kipande cha ngozi laini ya kitunguu, slaidi na tone la iodini. Mtazame anavyoshusha kifuniko kwa pembe ili asifungie mapovu ya hewa, anavyoanza na lenzi ya kukuza kidogo, anavyopanda hadi inayofuata bila kugonga kioo. Kisha muulize urefu wa seli. Kama kipenyo cha uga unaoonekana kwa ukuzaji wa mara 100 ni milimita 1.8, na seli sita zimejipanga kwa urefu kukijaza kipenyo hicho, kila seli ina takriban mikromita 300. Mwanafunzi anayejibu milimita tatu na hashtuki, wakati seli yenyewe ameshindwa kuiona kwa macho matupu dakika moja iliyopita, ametupa taarifa mbili kwa pamoja, ya hadubini na ya hesabu. Kwa dakika nne kila mmoja, wanafunzi 140 wanahitaji saa 9 na dakika 20. Mkiwa na vituo vitatu, hadubini tatu nzuri na waangalizi watatu, kazi hiyo inaisha kwa muda unaozidi saa tatu kidogo, yaani kipindi kimoja cha maabara. Mafundi wa maabara wawe miongoni mwa waangalizi. Wao ndio wanaojua nani hushika vifaa na nani husimama nyuma, na katika idara nyingi hakuna aliyewahi kuwauliza. Matokeo ya zoezi hilo, yakiwa mabaya, ni hoja yenye nguvu zaidi ya kuombea hadubini kuliko barua yoyote ya malalamiko.

Kuhusu mtihani wa dhana kutoka Marekani, naona mwenzenu ana nia njema, na wazo lake lina sehemu ya kuchukuliwa. Mitihani ya aina hii hujengwa kwa kuwahoji wanafunzi kwanza, kisha majibu yasiyo sahihi yanatungwa kutokana na dhana potofu wanazokuwa nazo kweli. Ule wa uteuzi asilia uliochapishwa mwaka 2002 una maswali 20 ya kuchagua, na mifano yake ni ndege wa visiwa vya Galapagos, samaki wadogo wa Venezuela na mijusi wa visiwa vya Canary. Viumbe hawa si wageni wa biolojia, ila ni wageni kwa kijana wa Nyalenda au Ahero, na akikosea hutajua mara moja kama ni wazo limemshinda au ni mazingira ya swali. Kishawishi kitakuwa kubadilisha majina, ndege wawe samaki aina ya fulu wa Ziwa Victoria. Mkifanya hivyo mmeunda mtihani mpya, na sifa za kuaminika zilizothibitishwa kwa ule wa awali haziuhusu tena. Ningeutumia jinsi ulivyo kwa kikundi kidogo, nikaketi na wanafunzi wachache wakieleza kwa sauti wanavyofikiri katika kila swali, kwa lugha yoyote wanayoitaka, na nikachukua humo dhana potofu za kutungia maswali yetu wenyewe. Kwa wazo la safari za nishati na mata, kwa mfano, hamhitaji kuazima kitu. Waulizeni uzito mkavu wa mhindi ulioota Kibos umetoka wapi hasa. Wengi watasema udongoni na kwenye mbolea, ingawa wamesoma usanisinuru tangu shule ya upili, na ingawa kaboni na oksijeni peke yake ni takriban asilimia 90 ya uzito huo na kaboni yote imetoka hewani.

Maswali hayo hayo yatolewe wanafunzi wanapoingia mwaka wa kwanza na tena wanapokaribia kuhitimu. Bila kipimo cha mwanzo mtajisifia au mtajilaumu kwa yale waliyoyaleta kutoka nyumbani. Jambo hili lina uharaka wake, kwa sababu wanafunzi wa mtaala wa umilisi walioingia Gredi ya 10 mwaka 2026 wanatarajiwa kufika vyuo vikuu mwaka 2029, wakiwa na malezi tofauti ya darasani na waliotangulia. Idara ambayo haitakuwa na takwimu za makundi ya kabla yao haitaweza kusema lolote lenye uzito kuhusu kilichobadilika.

Mkipata matokeo, yatumieni. Tuseme kigezo kilichoanguka zaidi ni kile cha tofauti zilizokuwepo kabla ya dawa. Hapo hamna haja ya kuongeza kozi. Mnaweza kuweka katika mwaka wa pili zoezi moja ambalo wanafunzi wanapewa takwimu za kubuni za mbu kabla na baada ya dawa, wanahesabu wenyewe uwiano wa wastahimilivu kizazi baada ya kizazi, kisha wanaandika maelezo na kusahihishana kwa jedwali lile lile. Mwaka unaofuata ulizeni tena swali la aina hiyo, ila kiumbe kiwe kingine, tuseme bakteria na viuavijasumu, ili wasilete jibu la mbu walilolikariri. Ripoti yenu kwa ofisi ya ubora iwe ya kurasa tatu: tulipima nini na vipi, tulikuta nini, tumebadilisha nini, tutapima tena lini. Wakaguzi makini hupendezwa na idara iliyokuta udhaifu ikaufanyia kazi kuliko ile inayodai asilimia 95 ya wanafunzi wake wamefikia kila tokeo.

Sharti moja lisilegezwe. Matokeo haya yasitumike kumhukumu mhadhiri mmoja mmoja, wala kumpandisha au kumnyima cheo. Yatolewe kwa kundi, bila majina ya wanafunzi na bila kuonyesha nani alifundisha. Siku mkuu wa kitivo atakapoyatumia kumkaripia mtu, ndiyo siku ambayo wahadhiri wataanza kuwadokezea wanafunzi swali linalokuja, na hapo hamtakuwa tena na kipimo chochote. Liwekeni hilo kwa maandishi katika kumbukumbu za kikao cha idara kabla ya kuanza. Na mkitaka baadaye kuchapisha mliyoyaona, ombeni mapema idhini ya kamati ya maadili ya utafiti na leseni ya NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, maana kuzitafuta baada ya takwimu kukusanywa ni kujiletea taabu.

Muhula huu, basi, fanyeni haya tu. Hamisheni swali moja liwe la lazima. Kubalianeni juu ya vigezo vinne. Mitihani ikisha, itisha kikao cha saa mbili, leta karatasi kumi zilizofungwa majina, na umwombe kila mmoja wa wenzako wanane azisome kabla ya kufungua mdomo. Mpango wenyewe ambao ofisi ya ubora inaudai uandikeni baada ya kikao hicho.